Elkana Bichage na Shimo la Chumvi

Bwana Elkana Bichage, Fundi wa Redio wa Chama cha Ushirika cha Wakulima wa Bonde la Kuja, anastaafu Jumapili, tarehe 30 Novemba 1969, baada ya kukitumikia chama kwa miaka ishirini na miezi tisa. Miaka kumi na sita kati ya hiyo aliifanya makao makuu, Migori, na iliyobaki katika tawi letu la Homa Bay.

Meneja, Bwana Mayaka, ameniomba niandike wasifu huu wa jarida la chama kwa sababu nilikuwa Katibu wa chama tangu kabla Bichage hajaajiriwa hadi mwaka 1967, na sahihi iliyo kwenye barua yake ya kuajiriwa ni yangu. Alitaka ukurasa mmoja. Atanisamehe, maana utakuwa zaidi ya mmoja. Ninaandika nikiwa kitandani, Kehancha. Kifua changu hakinipi muda mwingi, na daktari amekwisha kuniambia nisipange mambo ya mwaka ujao. Katika kitabu cha kumbukumbu za mikutano ya chama, ukurasa wa Januari 1965, kuna maneno yaliyomharibia Bichage jina. Maneno hayo ni ya uongo, na mwandishi wake ni mimi. Sitaki yeye aondoke kazini, wala mimi niondoke duniani, yakiwa bado yamekaa pale. Lakini kwanza nieleze kazi yake, kama anavyostahili.

Bichage alizaliwa Suneka, katika nchi ya Kisii. Wakati wa vita vya pili alikuwa jeshini, kitengo cha mawasiliano, na huko ndiko alikojifunza kushika chuma cha kulehemu bila kujichoma. Tulimwajiri Machi 1949 atengeneze baiskeli na taa za presha, kwa kuwa redio zilikuwa bado hazijafika kwetu. Ya kwanza ilikuja mwaka 1953, mali ya Mwenyekiti wa wakati huo, ikitumia betri ya gari. Iliponyamaza, Mwenyekiti aliileta karakana ikiwa imefunikwa blanketi kama mgonjwa. Bichage aliifungua, akakuta mende wamezaliana ndani kwa kupenda joto la valvu, zile chupa za kioo zinazowaka ndani. Akawafukuza kwa brashi ya viatu, na redio ikasema. Tangu siku hiyo baiskeli alizisahau.

Yeye ni Msabato. Redio iliyoletwa Ijumaa baada ya saa kumi ilingoja hadi Jumapili, hata ingekuwa ya nani. Afisa mmoja alifika Jumamosi akitaka kusikiliza mpira, akamkuta Bichage amevaa suti, Biblia kwapani, anaelekea kanisani.

“Fundi, ni dakika tano tu,” afisa akamwambia.

“Hata Mungu labda alikuwa na kazi ya dakika tano iliyobaki, bwana,” Bichage akajibu, “na akapumzika.” Akaendelea na safari yake, na afisa akaambiwa matokeo ya mpira na watu wengine.

Mafundi wengi hukimbilia bisibisi. Bichage alianza kwa kukaa kwenye kigoda na kusikiliza. Kisha alichomoa waya wa eriali. Kelele ikikoma, alijua inaingia kutoka nje kwa njia ya eriali. Ikiendelea, ugonjwa uko ndani, au unapitia kwenye waya wa umeme. Baada ya hapo aligonga valvu moja moja kwa kitako cha penseli, aone ni ipi inayolia ikiguswa. Mwisho alizungusha kitufe cha sauti polepole. Kikikwaruza, ni vumbi tu, na tone la spiriti hutosha. Alifuata mpangilio huo hata kwa redio ambayo ubovu wake ulionekana na kila aliyepita mlangoni. Tulimcheka sana kwa hilo, lakini mteja wake hakurudi na redio ile ile mara mbili.

Mwaka 1964 chama kilinunua stirio ya ukumbini, kabati refu la mbao lililong'arishwa, lenye redio, sahani ya santuri na spika mbili. Siku ya kuiwasha ukumbi ulijaa hadi madirishani. Mzee mmoja kutoka Osiri aliweka sikio kwenye spika ya kushoto, akahamia ya kulia, akarudi tena kushoto.

“Omera, ndugu yangu, hizi zote mbili zinasema Kiswahili,” akamlalamikia Bichage. “Ile ya Kijaluo mtaifungua lini?”

Bichage alimjibu, bila kucheka, kwamba spika ya kulia bado inajifunza. Kwa mwezi mzima mzee huyo alikuja kuuliza maendeleo yake.

Lakini wanachama hawakuja ukumbini kwa ajili ya muziki. Walikuja kwa ajili ya matangazo ya vifo. Kila alasiri jenereta ya chama iliendesha mashine za karakana, stirio nayo ikawashwa, na wakati wa matangazo ulipofika watu waliacha jembe na biashara wakaja kukaa kwenye mabenchi. Kila msomaji anajua yanavyosomwa: jina la marehemu, mahali pa mazishi, siku, kisha habari ziwafikie fulani na fulani. Watu wetu wametawanyika. Wengine wako Kericho kwenye chai, wengine Nairobi, wengine ng'ambo ya mpaka. Barua huchukua wiki, na maiti haikai wiki. Usiposikia jina lako jioni hiyo, mtu wako anazikwa bila wewe.

Januari 1965 stirio ilianza kukwaruza. Mkwaruzo ulikuja kwa vipande: ulinguruma, ukanyamaza, ukanguruma tena kwa muda mrefu zaidi, ukanyamaza. Ulikuja alasiri tu. Bichage alichomoa eriali, kelele ikabaki. Aligonga valvu zote, akabadilisha mbili. Akasimamisha eriali mpya juu ya mlingoti wa mianzi, mbali na paa la mabati, ili sauti ya stesheni iishinde kelele. Kelele ilibaki vile vile.

Siku ya Jumanne alichukua redio yake ndogo ya transista, akaiweka katikati ya stesheni mbili, mahali pasipo na mtangazaji, akaanza kutembea nayo uani akiwa ameibana sikioni. Waliokuwa kwenye foleni ya kupima pamba walipata burudani.

“Fundi, hiyo imepoteza mama yake?”

“Mpe maziwa!”

Yeye aliendelea kutembea. Mkwaruzo ulipoongezeka alisonga mbele, ulipopungua alirudi nyuma na kujaribu upande mwingine. Alipita stoo, akapita choo cha wafanyakazi, akapita mizani. Alikuja kusimama chini ya dirisha la nyumba ya Katibu. Ndani, mke wangu Helen alikuwa anashona sare za shule kwa cherehani ya umeme.

Cherehani hiyo haikuwa na ruhusa ya kuwa pale. Nilikuwa nimevuta waya kutoka kwenye laini ya ukumbi, nikaupitisha chini ya mabati, bila kumwambia mtu. Umeme ule ulikuwa wa wanachama. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemfukuza mlinzi mwaka uliotangulia kwa kosa la kuchaji betri yake humo.

Bichage alikuja ofisini, akafunga mlango nyuma yake.

“Katibu, ni cherehani ya mama,” akasema. “Kaboni za mota yake zimeisha, zinatoa cheche. Niandikie kondensa moja kutoka stoo, ya kumeza cheche hizo, niifunge pale, na kelele itaisha leo leo.”

Ili kuiandika kondensa hiyo ningepaswa kutaja mashine itakayofungwa. Nilimwomba anipe wiki mbili, hadi sare ziishe. Akaniomba angalau Helen apumzike wakati wa matangazo. Nilikubali. Lakini sikumwambia Helen, kwa sababu angeuliza kwa nini, naye aliamini waya ule ulikuwa na kibali.

“Basi nitafanya ninaloweza upande wa ukumbi,” Bichage akasema alipokuwa anatoka.

Alichoweza upande wa ukumbi kilikuwa waya wa ardhi. Stirio huwa na waya unaoshuka hadi ardhini, kupeleka huko umeme wa takataka unaozaa kelele. Januari ardhi ya Migori hukauka kama kigae, na waya unakuwa kama haupo. Basi akachimba shimo nyuma ya ukumbi, kina chake hadi kiunoni, akasimamisha ndani bomba la shaba, akalizungushia mkaa uliopondwa na chumvi ya mawe, akafukia. Chumvi na mkaa hushika unyevu, na unyevu ndio unaoupa umeme njia. Kila asubuhi alipamwagia maji mahali hapo. Hati ya stoo niliiandika mimi: bomba la shaba moja, mkaa debe moja, chumvi ratili sita. Nilijua kila kimoja ni cha nini.

Waliopita hawakujua. “Fundi, unamchimbia nani?” walimuuliza. Alipowaambia kwamba anapunguza kelele ya stirio walicheka, lakini baada ya siku mbili tatu walikuwa wanazunguka njia nyingine.

Kelele ilipungua kidogo tu. Alhamisi ya wiki iliyofuata Helen alishona mfululizo, maana shule zilikuwa zinafunguliwa. Truphena, mjane anayelima pamba ng'ambo ya daraja, alikuwa kwenye benchi la mbele. Alisikia Ntimaru, alikozaliwa, kisha mngurumo. Alisikia Jumamosi, kisha mngurumo. Aliwauliza waliokaa karibu naye, nao hawakuwa wamesikia zaidi ya hapo. Alirudi nyumbani akijiambia kwamba Ntimaru ni kubwa. Jumanne, sokoni, mtu alimshika mkono akampa pole. Kaka yake, ndugu pekee aliyekuwa amebaki kwake, alikuwa amezikwa siku tatu zilizopita. Jina la Truphena lilikuwa limesomwa la kwanza katika wale waliopelekewa habari.

Alikuja ukumbini akilia, akapita moja kwa moja hadi nyuma, kwenye ule udongo uliolowa.

“Ni hapa!” alipiga kelele. “Hapa ndipo alipolifungia jina langu!”

Wanaume walileta majembe. Walipotoa mkaa, chumvi, na shaba iliyokwisha kuanza kuota ukijani, hakuna aliyetaka kuvigusa. Mtu mmoja akatamka neno jajuok, na kila aliyekuwepo, Mjaluo na Mkuria, alijua maana yake ni mchawi. Bichage alikuwa Mkisii peke yake pale uani. Kwa baadhi ya watu hilo lilimaliza mashaka yote.

Mkutano uliitwa siku ya pili yake. Mwenyekiti alimtaka aeleze, naye akaeleza waya wa ardhi kwa utulivu, kama alivyokuwa akieleza siku zote.

“Chumvi ya kula ndiyo unapatia redio?” mtu akauliza. “Na ugali je?” Ukumbi ukacheka, kicheko kibaya.

Hapo Bichage akageukia meza yangu. Hakuitaja cherehani. “Muulizeni Katibu,” alisema. “Yeye ndiye aliyeniandikia hati ya vitu hivi, na anajua ni vya nini.”

Watu wote waliniangalia. Mimi ndiye niliyekuwa nimesoma kuliko wote mle ndani, na walikuwa na mazoea ya kuniamini. Maneno yangu mawili kuhusu shaba na chumvi yangetosha. Lakini baada yake lingekuja swali jingine, kwamba kelele yenyewe inatoka wapi.

“Sikumbuki kuandika kitu kama hicho,” nikasema.

Nikainamisha kichwa na kuandika katika kitabu: Fundi ameshindwa kueleza sababu ya kufukia vitu uani. Ndiyo maneno yaliyo kwenye ukurasa ule.

Niliporudi nyumbani niliukata waya, nikamwambia Helen arudi kwenye cherehani ya miguu. Nilimdanganya kwamba chama kimepunguza mafuta ya jenereta. Alasiri hiyo stirio iliwashwa, na ikasema safi, bila mkwaruzo hata mmoja. Watu walitazamana. Shaba imetolewa, na kelele imekoma. Hawakuhitaji ushahidi mwingine, na aliyewapa ushahidi huo ni mimi. Helen alifariki mwaka jana bila kujua lolote kati ya haya.

Kabla mwezi wa pili haujaisha Bichage alihamishiwa Homa Bay. Barua ya uhamisho, niliyoiandika pia, ilisema ni kwa ajili ya kudumisha amani kazini.

Huko Homa Bay alifanya kazi ambayo tawi litaikumbuka. Alikuta chumba kitupu chenye meza moja, akaacha karakana ya redio inayojulikana hadi Mbita. Aliwafundisha watu kuweka eriali mbali na mabati na mbali na nyaya nyingine. Muuza omena mmoja, wale dagaa wa ziwani, alilalamika kwamba redio yake husema asubuhi na kugoma mchana. Bichage alimfuata hadi nyumbani, akakuta kila mchana kwenye eriali huanikwa shuka mbichi tatu na suruali. “Mama, redio yako haina ubaya,” alimwambia. “Imechoka tu kufua.” Mama huyo aliwasimulia watu wote wa gati, na nasikia bado anasimulia.

Lakini maneno ya Migori yalikuwa yamemtangulia, yamepanda lori la pamba pamoja na mizigo yake. Wateja walileta redio, wakaziweka mezani na kurudi nyuma hatua mbili. Walishukuru bila kutoa mkono. Mkewe Nyanchoka alipanga ndizi sokoni na kuzirudisha nyumbani zikiwa zimeiva kupita kiasi, kwa sababu wanawake walinunua za jirani yake. Alipofika ziwani kuteka maji, waliokuwepo waliondoka na ndoo nusu. Mambo haya niliyajua. Msimamizi wa tawi aliniandikia barua mbili kunieleza, nami nikazitia kwenye faili.

Septemba 1966 binti yao Kemuma, mwenye miaka kumi na sita, aliugua homa ya uti wa mgongo, akafariki siku ya nne. Nilikuwa ukumbini Migori tangazo liliposomwa. Stirio ilikuwa inasema wazi kabisa jioni hiyo, kila silabi ikafika: Kemuma, binti wa Elkana Bichage na Nyanchoka; mazishi ni Suneka, Jumapili; habari ziwafikie wafanyakazi wote wa ushirika, Migori. Hakuna mtu mle ndani ambaye angeweza kusema hakusikia.

Desturi ya chama inajulikana. Mfanyakazi akifiwa, lori huwapeleka wenzake mazishini, na Katibu ndiye anayeandika kibali cha lori. Lori lilikuwa uani, limejazwa mafuta asubuhi hiyo. Nilifungua kitabu cha vibali. Mtu mmoja aliyekaa nyuma akasema, “Nani atakwenda kula huko?” Nilifunga kitabu.

Jumapili ile Bichage na mkewe walimzika mtoto wao pamoja na ndugu wa nyumbani na watu wa kanisa. Kutoka katika chama alichokuwa amekitumikia miaka kumi na saba hakufika hata mtu mmoja. Hata barua ya pole haikwenda.

Niliwahi kujiambia kwamba uhamisho haukumwua mtu, na kwamba fundi mzuri hupata kazi popote. Tangu jioni hiyo ya Septemba sikuweza tena kujiambia hivyo. Hata hivyo nilikaa kazini mwaka mmoja zaidi, nikaagwa kwa hotuba na kiti cha kuegemea, na sikufungua mdomo.

Mwezi uliopita Bichage alikuja kunitazama. Alisikia nimelala, akapanda basi kutoka Homa Bay, akalala njiani Migori kwa ndugu wa kanisa, akafika Kehancha asubuhi. Nilikuwa sijamwona tangu ahamishwe. Redio yangu ndogo ilikuwa inakoroma kando ya kitanda, na kabla hajakaa aliichukua, akaisikiliza, akaifungua nyuma. Alikuta kutu kwenye ncha za betri. Alizungushia pamba kwenye njiti ya kiberiti, akazisugua taratibu, akafunga. Redio ikatulia.

Ndipo nikamwuliza kwa nini siku ile ya mkutano hakuitaja cherehani.

“Niliwaambia wakuulize wewe, Katibu,” alisema. “Ya cherehani yalikuwa yako kuyasema.”

Nilimwambia kwamba nimeombwa wasifu wake, na kwamba nitaandika yote. Alisema niandike, lakini si kwa ajili yake, kwa kuwa yeye amezoea.

“Ni Nyanchoka,” alisema. “Amekataa kuja kwenye sherehe. Anasema hawezi kunywa soda na watu waliokataa kuja kwenye matanga ya mtoto wake.”

Kwa hiyo nimefanya haya. Pamoja na wasifu huu nimempelekea Mwenyekiti hati ya stoo ya tarehe 13 Januari 1965, yenye chumvi, mkaa na shaba, na sahihi yangu chini. Niliitoa kwenye faili siku ya mkutano na kuificha ndani ya vitabu vyangu miaka yote hii. Nimemwomba aisome mbele ya wanachama, ukumbini, Jumapili saa mbili asubuhi, kabla ya hotuba nyingine yoyote, na pembeni ya maneno yangu katika kitabu cha kumbukumbu aandike kwamba ni uongo wa Katibu. Meneja naye amekubali ombi langu kwamba sherehe isifanyike Migori. Baada ya hati kusomwa, lori litawachukua wafanyakazi na wanachama hadi Suneka, nyumbani kwa Bichage. Watakaofika wataanza kwa kukaa na Nyanchoka kama watu waliokuja matangani, maana ndivyo walivyo. Hotuba na zawadi zitafuata akipenda yeye.

Truphena nilimwita mwenyewe, kwa sababu haikuwa haki ayasome haya jaridani. Alikaa kwenye kigoda karibu na mlango, mikono kwenye magoti, nikamweleza tangu waya wa cherehani hadi kibali cha lori.

“Mimi ndiye niliyewaonyesha mahali pa kuchimba,” alisema.

Nikaanza kumwambia kwamba kosa ni langu, kwamba mimi ndiye niliyenyamaza.

“Basi nyamaza hata sasa,” akasema, na nikanyamaza.

Alimlilia kaka yake upya, kwa sauti, hadi majirani wakaja kuchungulia wakidhani nimekwisha kufa. Aliposimama kuondoka hakunipa mkono, wala sikuutazamia. Akiwa mlangoni aligeuka.

“Hilo lori linatoka saa ngapi?”

Nilimwambia, na ninawaambia wasomaji wote: linatoka uani saa tatu kamili. Mimi siwezi kulipanda. Walionisikia nikisema uongo ukumbini mwaka ule wengi bado wako hai na wana nguvu za kupanda.

Bwana Bichage, kwa niaba ya chama, asante kwa miaka ishirini na miezi tisa, kwa kila redio iliyorudi nyumbani ikisema, na kwa kila mtu aliyewahi kufika mazishini kwa sababu alilisikia jina lake. Kwa niaba yangu naomba radhi, na sidai uipokee. Tunakuombea wewe na Nyanchoka afya, mvua za wakati wake, na nyumba isiyokosa wageni, kuanzia wale watakaoshuka kwenye lori Jumapili.

Barnabas Mirumbe
Katibu mstaafu
Kehancha, Novemba 1969